Nilivyojifunza Uzito wa Ngoma Nyuma ya Pazia

Nyinyi vijana wa gitaa za umeme, mnaofanya mazoezi ukuta mmoja na kitanda changu hapa Langoni, mtaa wa Lamu, nimekaa kuwaandikia kwa sababu mliniuliza. Naliweka hilo mbele ili asije mtu akasema mzee huyu amejialika. Nasoro ndiye aliyebisha hodi, na Athman alikuwa nyuma yake amekumbatia spika kama mtu anayepeleka mbuzi wa kuchinjwa. Nikawatilia kahawa. Hamkuinywa, mkasema ni chungu, nami nikasamehe.

"Babu," akasema Nasoro, "umepiga ngoma maisha yako yote. Sisi twapiga metal. Muziki wa chuma. Lakini haigongi."

"Haimgongi nani?"

"Hakuna mtu inamgonga. Tumeongeza spika, tumeongeza gitaa, na bado watu wanasikiza huku wanachati kwenye simu."

"Mimi imenigonga. Juzi meno yangu ya bandia yalikuwa yakitembea ndani ya glasi."

"Hiyo ni kelele, babu," akasema Athman. "Sisi tunataka uzito."

Nikamtazama upya huyu Athman, ambaye mpaka siku hiyo nilimjua tu kama mtu anayeacha baiskeli yake mlangoni pangu. Kijana anayejua kwamba kelele na uzito si ndugu ameshavuka nusu ya njia. Mimi nusu hiyo niliivuka kwa aibu mbele ya ukoo mzima, kama mtakavyosoma.

Mkanisikilizisha nyimbo mbili kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa yenu. Ilianza kwa nguvu, ikaendelea kwa nguvu, ikamalizika kwa nguvu, na katikati nikasinzia. Msikasirike. Mvua ikinyesha juu ya bati kwa kishindo kimoja tangu asubuhi, hata mtoto mchanga hulala. Ya pili ilikuwa ya hao wageni mnaowahusudu. Ilikwenda taratibu kama mtu anayepanda ngazi na mtungi. Gitaa moja jembamba likabaki peke yake, likilia kama nzi ndani ya chupa. Kisha kimya. Kisha wote wakaangukia pigo moja, na kahawa ikanimwagikia kanzuni. Nikasema rudisheni pale. Mkarudisha, na ingawa safari hii nilijua kinachokuja, nikamwaga tena.

Basi hapo ndipo penyewe. Wale watu siwajui na lugha yao siijui, lakini kazi yao naijua, kwa kuwa ndiyo iliyonilisha.

Mimi si msafiri. Watu wa rika langu wameiona Mombasa, wameiona Jeddah, mmoja aliiona baridi ya Ulaya akarudi na kikohozi. Mimi nimeiona Langoni, na si yote. Bahari naipenda ikiwa imekaa kwake nami nimekaa kwangu. Nikipanda mashua ya kuvuka kwenda Manda, tumbo langu hupinduka kabla kamba haijafunguliwa. Sasa nilipomaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayahitaji kutajwa, mjomba wangu alinitafutia kazi Ras Kitau, kule kule Manda ng'ambo ya maji, kukwangua na kupaka rangi mashua za wenye hoteli. Kuvuka kila asubuhi, kurudi kila jioni. Mama alishukuru Mungu. Mimi nilianza kutapika siku hiyo hiyo, nikiwa nchi kavu.

Nikakimbilia kwa Bwana Lali. Huyu alikuwa na kikundi cha ngoma za harusi, na nyumba za harusi zote zilikuwa mwendo wa miguu. Bwana Lali mwenyewe alipiga vumi, ile ngoma kubwa yenye sauti ya chini. Wawili walipiga chapuo, ngoma ndogo za mikono. Famau, mtu mwembamba mwenye mashavu mapana kuliko mabega, alipuliza zumari. Mimi nikapewa upatu, sinia la shaba la kugongwa kwa kijiti, kazi ambayo hata paka angeipata kama angekuja mapema. Mjomba akasema haya, lakini nafasi ya Ras Kitau ataniwekea, maana upatu si kazi ya kuoa mke.

Na harusi tulizopiga zilikuwa za wanawake. Nyinyi siku hizi mnaona bi harusi analetewa DJ wa kike na mataa ya rangi. Zama zetu, siku ya wanawake ilikuwa yao wenyewe. Waliingia chumba cha ndani, wakavua mabuibui, wakavaa vikuba, vile vishada vya asumini, wakacheza. Sisi wapigaji, kwa kuwa tulikuwa wanaume, tulikaa chumba cha nje, na baina yetu likashushwa pazia zito kutoka darini mpaka karibu na sakafu. Mpigaji akichungulia, hata kwa jicho moja na hata kwa bahati mbaya, hapigi tena Amu nzima, na binti zake wataulizwa habari hiyo.

Kwa hiyo mkisikia nilipiga ngoma kwenye harusi zote kubwa za mji huu, jueni kwamba nilichoona ni vitambaa. Nimeona pazia la tausi. Nimeona pazia la maua ya zambarau na jingine la tausi lililoshonwa juu chini, amesimama kichwa chini miguu juu. Kuna watu wanakumbuka bi harusi fulani alivyopendeza. Mimi nakumbuka pindo la pazia lake lilikuwa limefumuka.

Ila pazia ni mwalimu. Nyinyi mnapiga mkiwatazama watu usoni, mkiona wanatikisa vichwa mnaridhika. Sisi tulijua kwa njia nyingine. Bangili zikilia ovyo ovyo, wanazungumza. Bangili zikilia pamoja, wamekamatika. Nyayo tulizisikia kwa makalio, maana tulikaa chini kwenye sakafu ile ile. Na asumini nayo husema, kwa sababu mwili ukipata joto kikuba hutoa harufu. Bwana Lali alikuwa anafumba macho, anavuta pumzi, anasema, "Bado. Hawajaiva."

Sasa bega la Bwana Lali likakaza. Mkono ukawa haupandi. Akanikalisha kwenye vumi kwa majaribio, upatu ukapewa mtu mwingine. Mimi kwa furaha nikajiambia, leo watajua. Kabla ya harusi nikaipasha ngozi ya vumi kwenye moto wa makumbi ya nazi. Kupasha ngozi moto ni kazi ya lazima, maana unyevu wa huku hulegeza kila kitu, hata watu. Lakini nikaipasha kupita kiasi, mpaka nikiigusa yalia kama sufuria. Kali, ya juu, inakwenda mbali. Nikadhani hilo ndilo jambo.

Tulipiga baada ya alasiri. Nikaanza kwa nguvu zote. Kitambo kidogo nikasikia bangili zinapungua. Nikasema, wamelegea, niwaamshe. Nikazidisha. Bangili zikaisha. Nikazidisha tena. Fulana ikalowa, Famau akanifuata mpaka macho yakamtoka kama ya kaa, wa chapuo wakaanza kutazamana. Upande wa pili kimya kabisa. Nikajiambia, huu ndio uzito wenyewe, nimewaduwaza. Nikaongeza mikogo ambayo sikuwahi kujifunza popote.

Ikatoka sauti ya bibi kizee nyuma ya pazia, taratibu, yenye huruma.

"Wanangu, mwampigia nani? Watu wote washuka tini kula, pilau imeiva. Mimi nimesalia kwa sababu ya magoti."

Famau alicheka ndani ya zumari, na zumari likicheka halifichiki.

Baadaye akaja Bi Esha. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa shughuli za wanawake, anayesema kikundi gani kiitwe na kipi kisiitwe. Miaka yote hiyo nilimjua kwa sauti na kwa ncha za viatu vyake chini ya pindo la pazia.

"Bwana Lali."

"Labeka, Bi Esha."

"Huyu mtwangaji umemtoa wapi?"

"Ni Shee, mwana wa jirani yetu. Anajifunza."

"Ajifunze kwa mahindi. Wallahi yeo nimekula pilau mapema ili nimkimbie. Sasa sikiza. Mwezi uyao ni harusi ya mwanangu. Mtoto wa dada yangu ana kaseti na spika kutoka Mombasa, kubwa kama kabati. Taziweka tayari. Mukipiga ngoma nyepesi kama hii, tamwambia afungue kaseti, nanyi mwende mukavue pweza."

Viatu vikageuka vikaondoka. Bwana Lali hakunigombeza. Alisema tu, "Shee, mwezi ujao mkono wangu hautakuwa umepona. Utapiga wewe." Na mjomba, ambaye habari za pilau zilimfikia Ras Kitau kabla sijafika nyumbani, akatuma salamu kwamba mashua ina nafasi siku ya pili ya harusi hiyo, alfajiri, nije na nguo za kuchafuka.

Sikilizeni basi nilichofundishwa mwezi ule, maana ndicho mlichokuja kuuliza.

Kwanza Bwana Lali alinisimamisha uchochoroni kwetu, penye njia nyembamba, tukangoja. Akapita punda mtupu, anakwenda tok tok tok kwa haraka, kila mtu yuko shughulini mwake. Kisha akapita punda aliyebeba mawe ya kujengea. Huyo kwato zake hazikulia sana. Aliweka mguu, ukakaa, akaweka mwingine, ukakaa. Na watu wote wakajibana ukutani bila kuambiwa.

"Nani alipiga kelele zaidi?" akaniuliza.

"Wa kwanza."

"Umempisha yupi?"

Hiyo ndiyo habari ya mwendo, Nasoro. Wewe miguu yako kwenye zile dramu zako inakwenda kama punda mtupu. Unaonyesha kwamba unaweza, na kweli unaweza, lakini hakuna anayekupisha.

Kisha akaichukua vumi niliyoiharibu, akaipangusa katikati kwa kitambaa kibichi mpaka ikashuka sauti. Nikasema haitasikika mbali. Akasema, "Haitakiwi mbali. Yatakiwa tumboni." Jaribuni kulegeza nyuzi za gitaa kabla ya kukopa spika nyingine. Nimesikia wale wageni wenu nao walizilegeza. Gitaa lao linalia kama mlango wa ghala.

Kisha Famau naye akadai haki yake. Alisema vumi peke yake ni mtu mnene aliyesimama uwanja mtupu, hakuna anayejua unene wake. Mweke kando ya mwembamba. "Mimi ndiye ninayekufanya mzito," akaniambia, "na hujawahi hata kuninunulia glasi ya maji ya ndimu." Yalikuwa kweli, yote mawili.

Na la mwisho ndilo lililonitesa. Nyumba ya Bwana Lali ilikuwa na ngazi yenye giza, na kidato kimoja cha mwisho kilikuwa kimevunjika. Aliniambia nishuke. Mimi ngazi ile nilikuwa naishuka kwa mara ya kwanza, nikapapasa kila kidato, nikafika, hakuna lolote. Akanipandisha na kunishusha mpaka miguu ikazoea, mpaka nikawa nashuka huku nazungumza. Siku moja bila kuniambia alikitengeneza kile kilichovunjika na kutoa ubao wa kile cha kati. Nikashuka nikizungumza. Mguu ukaenda mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Moyo umefanyaje?" akauliza kutoka juu, mimi nimelala chini.

"Umepiga."

"Nani aliupiga?"

Basi, pigo zito ni lile unalowanyima watu. Wao wenyewe hulipiga kwa mioyo yao. Lakini wazoeshe ngazi kwanza. Ukimnyima mtu kitu asichokizoea, hajui kama amenyimwa, anadhani umekosea. Nyinyi kwenye wimbo wenu hamna ngazi, mna shimo tangu mlangoni.

Siku ya harusi ya binti wa Bi Esha ikafika. Nyumba ya ghorofa, wanawake juu, sakafu ya chokaa juu ya boriti za zamani. Chini yetu, sebuleni, wamekaa wanaume wakinywa kahawa, na mjomba wangu kati yao amevaa kofia mpya. Nilipopita na vumi akaniuliza kwa sauti ya upole, "Kesho alfajiri, sivyo?" Juu, upande wetu wa pazia, lile kabati la spika limesimama tayari, na mtoto wa dada yake Bi Esha amekaa juu yake kidole karibu na kitufe, anatafuna ubani. Nikatoa ngoma pajani nikaiweka chini kwa kitako chake sakafuni, kama Bwana Lali alivyoniagiza. Pazia la siku hiyo lilikuwa la kijani, halina picha. Sikuwa na hata tausi wa kunifariji.

Tukaanza taratibu. Mguu, ukae. Mguu, ukae. Mkono wangu ulitaka kukimbia kama mbwa aliyeona mfupa, Bwana Lali akanikanyaga kidole cha mguu akabaki amekikanyaga. Bangili zikaanza ovyo, zikakusanyika, zikawa moja. Tukawazoesha ngazi mpaka mimi mwenyewe ilinichosha. Kisha Bwana Lali akanyanyua kidole. Upatu ukakoma. Chapuo zikakoma. Akabaki Famau peke yake na sauti kama uzi wa sindano. Nami mkono wangu uko hewani, nangoja mpaka aukate uzi.

Akaukata.

Upande wa pili, hakuna kitu. Bangili hakuna, unyayo hakuna, kikohozi hakuna. Wanangu, kimya kile nilikuwa nakijua. Nilikuwa nimeshapigia kimya kama kile mpaka fulana ikalowa. Nikaona mawazoni sinia za pilau zinashuka ngazi. Nikaona mashua. Kijana wa kaseti akaacha kutafuna ubani, kidole kikaenda kwenye kitufe. Macho yangu yakateleza kuelekea pindo la pazia, pana upenyo wa vidole viwili, nikitazama tu nitajua kama wapo. Bwana Lali akazidisha kisigino juu ya kidole changu mpaka nikaona nyota za mchana.

Hapo nikavuta pumzi kwa maumivu, na asumini ikaniingia. Nzito, ya moto, karibu kama iko puani. Vikuba haviendi kula pilau peke yake.

Nikangoja tena kidogo. Halafu nikaangusha mkono, mara moja tu.

Kilichofuata sikukipiga mimi. Miguu yote ya upande wa pili ilishuka pamoja, na sakafu ikatupandisha sisi, ngoma zetu na yule kijana na kabati lake. Chini sebuleni pakatoka makelele ya wanaume. Tuliambiwa baadaye kwamba kipande cha chokaa cha ukubwa wa mkate wa sinia kiliachia boriti kikaanguka katikati ya vikombe, na mjomba akawa mweupe kuanzia kofia mpaka ndevu.

Viatu vya Bi Esha vikaja penye pindo.

"Bwana Lali."

"Labeka."

"Mumenivundia dari."

Bwana Lali akainama. Bi Esha alikuwa anahema kama mtu aliyepandisha maji.

"Rudiyani pale," akasema.

Tukarudia. Tukarudia mpaka adhana ya magharibi ilipokaribia, na kila safari mtu mwingine huko chini alihama na kikombe chake. Yule kijana aliuliza kwa adabu kama afungue kaseti, Bi Esha akamjibu kwamba hilo kabati lake linaziba njia ya sinia, aliondoe.

Alfajiri mashua ya Ras Kitau iliondoka bila mimi. Nilikuwa nimeitwa kwa Bi Esha: aliyevunja atengeneze. Nikakoroga chokaa, nikapandishwa juu kuziba nyufa kwa upande wa sakafuni. Wanawake walikuwa wamelala vyumbani kwao kwa uchovu, chumba kitupu, pazia limefungwa kando. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikasimama upande wa pili. Kumbe kilikuwa chumba kidogo. Muda wote mimi nilidhani wako mbali huko ndani, kwenye ukumbi. Nyufa zote zilikuwa hapa hapa penye pindo, mkono mmoja kutoka mahali nilipokaa. Walikuwa wamesimama wote mbele ya pazia wameshika pumzi, nami nilikuwa nawaza pilau.

Nikapaka polepole, mpaka jua likawa juu. Nikarudi nyumbani chokaa imeniganda viwikoni, nikakuta mlango haufunguki wote. Mama alikuwa ndani, amekaa kwenye kigoda, anaitazama vumi ya Bwana Lali iliyosimama kizingitini.

"Kaileta mwenyewe asubuhi," akasema. "Kwa mkono ule mgonjwa. Kasema ni yako."

"Hakusema ataichukua lini?"

"Sikumuuliza hilo. Nilimuuliza mimi nitapita wapi."